Silikanti wa Tanga: roboti ikishuka mita 150 itatuonyesha nini ambacho jarife halijatuonyesha?

#1 Mwambao_Kaskazini
Wakuu salaam. Nipo Tanga, nimekulia Mwambani na baba zangu wadogo wote ni wavuvi, kuna jambo naona halijawahi kujibiwa vizuri. Silikanti, yule samaki ambaye wataalamu walidhani ameshatoweka tangu enzi za madinosaria mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, hapa kwetu alirekodiwa mara ya kwanza 2003 kule Songo Mnara, Kilwa. Halafu kuanzia 2004 Tanga ikawa balaa, ndani ya kama miaka miwili wakanaswa zaidi ya 20. Comoro wenyewe wanaojulikana kwa silikanti tangu 1952 hawakuwa wakiwapata kwa kasi ile.

Swali langu: kwa nini wakati ule? Walikuwa wapi siku zote? Mimi naamini jibu lipo kule chini kwenye mapango, na halitapatikana kwa kurudia ripoti za zamani. Tunahitaji roboti za kushuka mara kwa mara, ziwe zetu na ziendeshwe na watu wetu. Wageni wanakuja wiki mbili, wanachukua video, wanaondoka, na sisi tunabaki kuuliza yaleyale. Nawasilisha.

#2 Jarife_la_Usiku
Jibu lipo wazi mkuu, ni nyavu. Zamani pwani samaki walikuwepo wa kutosha, nani ahangaike kwenda kutega kwenye mporomoko, pale kina kinaposhuka ghafla. Samaki wa kwenye miamba walipopungua watu wakasogea nje, jarife, ule wavu mkubwa wa papa, likawa linazamishwa mita 50 mpaka 150 na linalala usiku kucha, na silikanti ndo anatoka pangoni usiku kuwinda. Hajaongezeka wala hajahama, sisi ndo tumemfuata kwake. Muulize mvuvi yeyote wa Kigombe atakwambia bila roboti.

#3 Kipanga_wa_Pwani
Nyavu zinachangia ila mnaisahau baruti. Tanga ya miaka ile alfajiri hakupiti muda hujasikia mlipuko. Mwamba ukipigwa bomu vinakufa vidogo na vikubwa, yule wa chini naye anakosa cha kula anapanda kutafuta, akipanda anakutana na nyavu. Ongeza na tsunami ya 2004 iliyovuruga huko chini. Mimi nayaunganisha hayo mawili.

#4 Nahodha_Mstaafu
@Kipanga_wa_Pwani tsunami iondoe mwanangu. Ilipiga tarehe 26 Desemba 2004. Silikanti wa Songo Mnara kanaswa 2003, na kabla yake Malindi trola ilimtoa mmoja mwaka 2001. Jambo haliwezi kusababishwa na kitu kilichokuja baadaye.

La baruti siliui lakini lina tundu. Wapiga mabomu wanafanya kazi kwenye kina kifupi, mahali mtu anaweza kuzama akaokota. Silikanti mchana yupo chini sana ya hapo. Nani amepima kama mlipuko wa mita 10 unamsumbua aliyeko mita 120?

#5 Kipanga_wa_Pwani
Shikamoo nahodha. Hakuna aliyepima, na ndo maana namuunga mkono mleta mada. Ila sauti kwenye maji inakwenda zaidi ya mara nne ya kasi ya hewani na inafika mbali sana, mlipuko sio kitu cha kuishia pale pale. Na tsunami siiondoi yote, haikuwaleta wa 2003 sawa, lakini wa 2005 je?

#6 fundi_kebo
Wadau niwape picha ya kazi yenyewe maana naona roboti inatajwa kama kitu cha kubonyeza tu. Nimefanya kazi kwenye meli za gesi huku kusini, kuna visima viko kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000, mzamiaji hafiki huko hata kwa dawa, kila kitu anafanya ROV, yaani roboti ya kuongozwa kwa kebo. Unakaa ndani ya kontena juu ya meli, skrini mbele yako, unaiendesha. Watu wanauliza kwa nini isiwe bila waya, jibu ni kwamba mawimbi ya redio yanakufa ndani ya mita chache tu za maji ya chumvi, GPS chini hakuna, kwahiyo ama uvute kebo ama utumie sauti, na sauti inabeba data kidogo mno, video ya moja kwa moja usiitegemee. Zile zisizo na kebo unazipangia safari kabla, zinazunguka zenyewe na unasubiri zirudi ndo ujue zimeona nini.

Sasa Tanga. Kati ya Pemba na bara maji yanakimbilia kaskazini, na kusi ikianza yanazidi. Roboti ndogo ukiishusha pale mkondo haupigi roboti peke yake, unapiga kebo yote kuanzia kwenye boti. Unataka mita 150 unajikuta umeshatoa kebo mara mbili ya hapo, imefanya tumbo na inaivuta roboti nyuma, injini zake zinapiga kelele zote na picha haisogei. Kazi hiyo ni ya maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana; bamvua, yanapojaa na kupwa kwa nguvu, usithubutu.

Na kinachoua roboti nyingi ndogo sio papa wala mkondo, ni oringi. Ile raba nyembamba inayoziba kifuniko cha betri. Unaitoa, unaifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, unaipitisha kati ya vidole taratibu mzunguko mzima kusikilizia punje ya mchanga, unapaka grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, unairudisha bila kuipinda. Unywele mmoja ukilala pale, kwenye mita 150 ambako kila sentimita ya mraba inabeba kama kilo 15, maji yanapenya na betri imekwisha. Fanya hivyo juu ya boti la mbao lenye mchanga, magamba ya samaki na mawimbi, kisha uje useme roboti ni rahisi.

Hata wakubwa wanapoteza. Japani walikuwa na Kaiko iliyofika chini kabisa kwenye bonde la Mariana mwaka 1995, karibu mita 10,911, na 2003 kebo ikakatika ikapotea. Marekani nao Nereus yao iliwapasukia 2014 kwenye mita kama 9,900 huko kaskazini ya New Zealand.

#7 Mwambao_Kaskazini
@fundi_kebo asante sana, hapo kwenye maji mafu hakuna mgeni angenieleza. Kwahiyo inawezekana au haiwezekani?

#8 fundi_kebo
Inawezekana na imeshafanyika. Wajapani wa Aquamarine Fukushima, jumba la maonyesho ya viumbe wa baharini, wakishirikiana na TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, walishusha ROV hapo hapo Tanga wakamkuta silikanti hai na kumpiga picha. Kwahiyo kwamba yupo na anaishi pale hilo limekwisha. Swali lako la kwa nini 2004 ndo halijaguswa na zile picha.

#9 Likoni_Original
Mambo vipi watu wa Tanga, mnajisifia samaki wakati Malindi tulimpata kabla yenu 😂 @Nahodha_Mstaafu ametaja, 2001.

Kwa maoni yangu hawa samaki si wenu. Mkondo uliwabeba kutoka Comoro, wakafika Kilwa, wakafika Tanga, mmoja akatufikia. Hiyo ndiyo stori nilisikia kitambo.

Lakini kwa hii maneno ya roboti niko na nyinyi mia kwa mia. 2019 gari lilitumbukia kutoka kwa feri hapa Likoni, watu wawili ndani, ilichukua karibu wiki mbili kulitoa, lilikuwa mita 58 chini. Sisi tulikuwa tunasimama pale kila siku tukiangalia maji. Nchi ya bandari kubwa hivi, na KMFRI, taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, iko hapo Mombasa na meli yake ya utafiti, si tungekuwa na vifaa vya kuangalia chini siku ya kwanza? Kifaa cha kutafuta samaki ni kile kile cha kutafuta mtu.

#10 mwanafunzi_wa_maji
Poleni sana watu wa Likoni, ile ilituumiza wote.

@Likoni_Original kuhusu Comoro ilikuwa nadharia ya kweli kabisa zamani, kila aliyepatikana nje ya Comoro alihesabiwa kapotea njia. Lakini 2011 watafiti wa Japani walilinganisha vinasaba wakaona silikanti wa Tanga wana ukoo wao, wamejitenga na wa Comoro kwa muda mrefu sana. Mtu aliyebebwa na mkondo juzi haonekani hivyo. Hawa ni wenyeji.

Mimi nipo upande wa joto la maji, sijaona mtu kaligusa. Silikanti anapenda maji ya baridi, kama nyuzi 15 mpaka 20, damu yake inashika oksijeni vizuri kwenye baridi hiyo, maji yakipanda joto anahangaika kupumua. Sasa yale maji ya baridi ya chini hayakai mstari mmoja, kuna miaka yanapanda kuelekea juu na kuna miaka yanashuka. Yakipanda, silikanti anaweza kuwinda kwenye kina kifupi zaidi, pale pale jarife linapolala. Yaani nyavu zilikuwepo na samaki alikuwepo, kilichowakutanisha ni baridi kupanda.

#11 Jarife_la_Usiku
Maneno mazuri lakini una kipimo cha joto cha Tanga cha 2004 kwenye mita 100?

#12 mwanafunzi_wa_maji
Sina, na ndo kilio changu. Roboti yenye kipimajoto ikishuka mwezi mmoja haitoshi, inatakiwa ishuke msimu hadi msimu, kaskazi na kusi.

Halafu kuna kitu wengi hawakijui. Kila silikanti ana mabaka meupe ubavuni na hayafanani na ya mwenzake. Hans Fricke, Mjerumani aliyempiga picha silikanti akiwa hai nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, Comoro 1987, alikuwa anawatambua mmoja mmoja kwa mabaka hayo, yeye akiwa ndani ya nyambizi ndogo ya watu wawili. Mchana walikuwa wanajikusanya pangoni wametulia, usiku wanatoka. Kwahiyo ukiwa na roboti yenye kamera nzuri huhitaji kumvua wala kumfunga alama, unapiga ubavu wa kila mmoja na kuandika daftari. Mwaka ujao unarudi kwenye pango lile lile kuona nani yupo, nani hayupo. Fricke na wenzake walirudia hesabu Comoro kati ya 1991 na 1994 wakakuta wamepungua sana pangoni. Sasa wamekufa, au wamehamia pango lingine kwa sababu ya joto? Wangehesabu mara moja tu hata swali lenyewe lisingekuwepo.

#13 Bint_Kojani
Hamjambo nyote. Mie niko Muscat kwa sasa lakini kwetu Pemba. Nnaona mnaitegemea sana roboti, nikukumbusheni jambo. Ile ndege ya Malaysia, MH370, ilopotea Machi 2014 na watu 239. Kipande cha bawa lake kiliokotwa kwetu Pemba mwaka 2016, wakakipeleka Australia kikathibitishwa. Kimesafiri na maji Bahari ya Hindi nzima. Na huko walikotafuta walipeleka roboti za kila aina, kwanza Bluefin ambayo safari yake ya mwanzo iligeuka yenyewe kwa sababu chini kulikuwa na kina kuliko ilivyoruhusiwa, halafu 2018 ikaja kampuni ya Ocean Infinity na roboti nane zisizo na kebo kwa pamoja, wakapekua zaidi ya kilomita za mraba 112,000. Hawakuiona.

Roboti inaona kilichopo mbele yake tu, na bahari ni kubwa. Wa kukwambia uiteremshe wapi ni mvuvi. Hao wazee wa Kigombe na Mwarongo wanajua mwamba upi una shimo bila ya kuuona, kwa namna mshipi unavyogusa. Wakae juu ya hiyo boti na fundi, na walipwe, sio waulizwe pembeni halafu jina lisitajwe.

#14 Nahodha_Mstaafu
Bint_Kojani umesema neno zito. Kipande cha Pemba nakikumbuka vizuri.

#15 Mzee_wa_Mshipi
Nimesoma yote kimya kimya, ngoja na mimi niseme. Silikanti tulikuwa tunawapata kabla ya hiyo miaka yenu. Nyama yake ina mafuta mabaya, ukila tumbo linakuendesha, hana soko, nani ampeleke mnadani? Alikuwa anatupwa au anakatwa chambo. Simu za picha hakuna. Baada ya yule wa Kilwa kuandikwa kwenye magazeti na wataalamu kuanza kupita vijijini kuuliza, ndo kila aliyempata akaona atoe taarifa. Samaki hawakuanza kunaswa 2004, habari ndo zilianza kuandikwa 2004.

Na jambo la pili, 2009 ikaja Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kuanzia Pangani kuja juu. Sikatai hifadhi. Lakini tangu hapo mvuvi akiona mtu ana kifaa cha kupiga picha chini ya maji anajiuliza, hiki kikiona samaki kesho naambiwa nihame hapa? Mkitaka roboti ikubalike, video ionyeshwe kijijini kwanza, wiki hiyo hiyo, kwenye ukuta wa shule, kabla haijaenda Ulaya.

#16 Mwambao_Kaskazini
Shikamoo mzee. Hili la video kuonyeshwa kijijini nitalibeba. Baba mdogo alinielezea habari ya samaki mnene wa magamba magumu waliokuwa wanamtupa, ila hakutaja mwaka.

#17 Jarife_la_Usiku
@Mzee_wa_Mshipi marahaba kwa hoja lakini haiwezi kuwa kuandikwa tu. Zaidi ya 20 ndani ya miaka miwili, wengine usiku mmoja wavu mmoja. Kama ndo ilikuwa kawaida miaka yote basi TAFIRI wangesikia hata mmoja kabla.

#18 Mzee_wa_Mshipi
Wasikie kutoka kwa nani, na anatupwa baharini kabla boti haijafika?

#19 Dada_wa_Kilindoni
Naomba kutoka kidogo nje ya mada. Huku Mafia kuna wavuvi waliokota bomba la njano refu karibu kimo cha mtu, lina antena juu na maandishi ya kizungu, wazee wakasema ni bomu, likawekwa mbali na nyumba. Ni hizi roboti mnazosema?

#20 mwanafunzi_wa_maji
@Dada_wa_Kilindoni inaonekana ni boya la Argo, nalo ni roboti. Duniani zipo karibu 4,000, zinaelea kwenye kina cha mita 1,000, kila siku 10 hivi zinashuka mpaka mita 2,000 halafu zinapanda juu zikipima joto na chumvi njia nzima, zikifika juu zinatuma data kwa setilaiti na kuzama tena. Haina injini ya kusukuma, inajaza na kupunguza mafuta kwenye mfuko wake ili izame au ipande. Betri ikiisha inaelea tu mpaka inafika ufukweni. Sio bomu lakini msiifungue, ndani kuna betri za kuweza kulipuka. Picha ya yale maandishi ipelekwe Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, watajua wamiliki wake ni nani.

Data zake ziko wazi kwa kila mtu, bure. Kwahiyo @Jarife_la_Usiku uliponiuliza kipimo cha joto, kwenye bahari kuu vipo vya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Shida ni kwamba maboya haya hayaji kwenye mporomoko wa Tanga, yanabaki maji makuu.

#21 Likoni_Original
Kwa hivyo unatuambia joto la katikati ya bahari linajulikana na la mita 100 hapa mlangoni halijulikani? Hiyo inauma.

#22 Kipanga_wa_Pwani
Mimi bado na baruti yangu. Vinasa sauti vya chini ya maji vipo, vinawekwa vinarekodi mfululizo. Roboti inakiweka kimoja mlangoni mwa pango, mlipuko ukipigwa tunasikia umefika kwa nguvu gani na kamera inaona samaki anafanya nini.

#23 Nahodha_Mstaafu
Hiyo naikubali kama jaribio. Ila mabomu yamepungua sana miaka ya karibuni baada ya serikali kubana, utarekodi ukimya. Labda ukimya wenyewe ndo ujaribu: kama baruti imepungua na silikanti bado wananaswa vilevile, nadharia yako ina hali mbaya. Kama nao wamepungua, mtu wa nyavu atasema ni kwa sababu jarife nalo limebanwa ndani ya hifadhi.

#24 Jarife_la_Usiku
Na nitasema kweli 😀

#25 Dokta_Chumvi
Mada nzuri sana. Kuna njia ya kuokoa mafuta ya boti: kila kiumbe kinaacha vinasaba vyake majini, magamba, ute, kinyesi. Unashusha chupa ya kuchukulia maji mita 100, 150, 200, unachuja, maabara inakwambia silikanti amepita au hajapita. Roboti ipelekwe kwenye mapango yaliyoonyesha dalili tu.

Na niwaongezee uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 2021 Wafaransa walisoma upya pete za kwenye magamba, wakaona silikanti anaweza kuishi karibu miaka 100, anafikia kuzaa akiwa mtu mzima kabisa na mimba inakaa kama miaka mitano. Jike aliyenaswa Msumbiji 1991 alikutwa na watoto 26 tumboni. Sasa piga hesabu ya wale zaidi ya 20 wa Tanga, hata kama walikuwa wananaswa zamani kama anavyosema Mzee_wa_Mshipi, pango lililopoteza majike mawili linajazwa lini?

#26 Mwambao_Kaskazini
Dokta hapo umenigusa. Na kwa sasa Chongoleani panajengwa kituo cha mafuta ya bomba kutoka Uganda, meli kubwa zitakuja. Tukikosa picha ya mapango yalivyo leo, huko mbele hata likitokea la kutokea tutalinganisha na nini?

@fundi_kebo kwa bajeti ya kikundi cha vijana, tuanzie wapi?

#27 fundi_kebo
Kuna roboti ndogo za kununua kama BlueROV2, ya kawaida inashuka mita 100, yenye mabomba ya alumini inafika 300. Bei yake ukijumlisha kebo na kompyuta ni kama gari dogo la mtumba, na forodha juu. Kwa mapango ya silikanti chukua ya alumini, hiyo ya mita 100 itawaishia njiani. Ila msianze na hiyo. Jifunzeni na ya kutengeneza wenyewe, fremu ya mabomba ya PVC, injini za pampu za kutolea maji kwenye boti, kamera ndani ya kasha, mnaishusha mita 10 bandarini mpaka mkono uzoee. Kuendesha kitu usichokiona huku kebo inakuvuta ni ufundi wa mwili, hausomwi.

Taa wekeni pembeni, zisikae juu ya kamera, maana vumbi la chini linarudisha mwanga na mtaona theluji tupu. Rangi nyekundu inapotea mita chache tu za mwanzo, kwahiyo bila taa mabaka ya silikanti mtayaona ya bluu bluu na hamtayatofautisha. Injini mkikaribia pango mzipunguze, zikitimua matope mmepoteza nusu saa. Na kibali cha hifadhi kianze kabla ya kununua chochote.

#28 mwanafunzi_wa_maji
Fundi, kipimajoto cha kufunga kwenye fremu nitakileta mimi, ninacho cha mradi. Maji mafu ya kaskazi yanaangukia lini huko Tanga, Mzee_wa_Mshipi?

#29 Mzee_wa_Mshipi
Mwezi ukiwa nusu, siku ya saba mpaka ya tisa, halafu tena ya ishirini na mbili hivi. Njooni alfajiri kabla upepo haujaamka, na mtu wa kushika kebo awe mvuvi.